Mguu Si wa Kusukumia Kuni

3 Desemba 1956

Leo nimeambiwa jina la ugonjwa wangu, wala sikulia. Naanza na hilo, maana Mama Subira, mama mkwe wangu, alikuwa amekaa nje ya dispanseri, na kesho ataeneza kijijini kwamba nililia mpaka nikagaagaa.

Ni ukoma. Muganga Zéphirin alilitamka polepole huku akitazama mlango. Nikamwambia, "Sema na nguvu, muganga. Mimi siko kiziwi. Ni ngozi tu ndiyo haisikii."

Alikuwa ameniambia nifumbe macho. Alichukua unyoya wa kuku akasema, "Kila nitakapokugusa, onyesha na kidole." Nikangoja. Nikangoja tena. Nikasema, "Anza basi, baba, jua linazama." Nilipofumbua macho, unyoya ulikuwa juu ya mguu wangu. Alikuwa ameanza zamani.

Kidonda kilichonipeleka kule kiko chini ya mguu wa kulia, karibu na kidole gumba. Nilikipata jikoni. Sisi wanawake wa huku tunasukuma kuni motoni kwa mguu. Mkono mmoja uko kwenye mwiko, wa pili unashika sufuria, kwa hiyo kunabaki mguu. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake pia. Siku ile nilisukuma ukuni uliokuwa unawaka, nikaendelea kusonga bugali bila wasiwasi, mpaka Pascaline, binti yangu, akauliza, "Mama, leo tunachoma nyama gani?"

Na ile sifa yangu! Mama Chuma, ndivyo wanavyoniita kutoka hapa mpaka Wamaza. Penye arusi, penye matanga, sufuria kubwa ikichemka wengine wanatafuta majani ya ndizi ya kushikia. Mimi nafika, nakamata ukingo kwa mikono mitupu, naishusha, wanawake wanapiga vigelegele. Mama Subira ndiye aliyenifundisha. "Mwanamke anayetafuta kitambaa bado ni mutoto," ndivyo anavyosema. Kumbe miaka yote hii walikuwa wanaupigia ugonjwa vigelegele.

Zéphirin alinipa vidonge vyeupe. Alisema vinaua ugonjwa, lakini ngozi iliyokwisha kulala haitaamka. "Tangu leo macho yako ndiyo ngozi yako, Ernestine." Halafu akaniambia jambo la mwisho. Bwana dokta anapita hapa mavuno ya mpunga yakiisha. Mwenye kidonda wazi anapandishwa kamyo, lile lori lake, mpaka kambi ya wakoma, ng'ambo ya Kasongo, na kule mtoto haingii. Mwenye ngozi iliyofunga anabaki kwake na kumeza dawa zake.

Pascaline ana miaka saba. Siendi popote.

4 Desemba

Kama nilivyosema. Kisimani wanajua kwamba niligaagaa. Aziza jirani amekuja kunipa pole ya machozi ambayo sikuyamwaga.

9 Desemba, Jumapili

Katika nyumba hii wanawake tunakula sahani moja, Mama Subira, mimi na Pascaline. Ndivyo ilivyokuwa tangu Musafiri aliponioa. Leo nimekuta sahani mbili, moja kubwa ya wote, na kibakuli chenye ufa kimewekwa karibu na mlango.

Nikauliza, "Mama, juu ya nini sahani iko mbili?"

"Iko mbili kwa sababu watu iko wa aina mbili."

Nikamtazama Musafiri. Mume wangu anaweza kuangusha mti mkubwa kwa shoka tangu asubuhi mpaka jioni bila kupumzika, lakini mbele ya mama yake anakuwa mtoto wa kunyonya. Alitazama miguu yake.

Nikasema, "Sawa. Watu wa aina yangu wanakula sana." Nikavuta sahani kubwa, nikaila yote, sombe ya majani ya muhogo na samaki na ukoko. Mama Subira alibaki na kibakuli chake.

Nilivimbiwa usiku. Sijuti.

12 Desemba

Niandike kazi yangu ya kila siku, ili nikichoka nisijidanganye. Maji ya vuguvugu kwenye beseni, napima joto kwa kiwiko, maana kiwiko bado kinasikia. Mguu unalala ndani ya maji mpaka ngozi ngumu inalainika. Ngozi hiyo naisugua polepole kwa jiwe la mto, kandokando tu, kidonda sikigusi. Mafuta ya mawese yanafuata, halafu kitambaa kilichochemshwa. Jioni, kabla jua halijaenda, natazama nyayo na viganja vyote, kidole kwa kidole, kama mama anayemtafuta mtoto chawa.

Halafu kukaa. Zéphirin alisema nisikanyagie mguu ule hata kidogo. Hiyo ndiyo dawa chungu. Nitaoga maji yoyote, nitasugua na jiwe lolote, lakini kukaa! Wakati wa mpunga! Mwanamke anayekaa wakati wa mpunga huku hana jina moja, ana majina mengi, na yote nimeyasikia leo kupitia ukuta wa jikoni.

15 Desemba

Mvua.

18 Desemba

Mpunga unajaza, na ndege wamekuja kwa makundi. Kazi ya kuwafukuza ni ya watoto. Wanakaa juu ya kichanja katikati ya shamba, wanapiga debe na kurusha udongo. Shamba letu liko nyuma ya nyumba tu. Nikajivuta kwa kisigino na fimbo, nikapanda kichanjani, nikaketi kati ya watoto na debe langu.

Kapita wa mashamba alipita kukagua. "Mama Chuma, huna haya? Mutu mukubwa na kazi ya watoto?"

Nikamjibu, "Ndege hawaniulizi umri, Kapita."

Watoto walicheka mpaka mmoja nusura aanguke. Tangu nizaliwe sijapiga debe kwa hasira tamu kama ya leo.

25 Desemba, Noeli

Masista walionilea misioni walitufundisha kuandika kile Kiswahili cha kitabu, na kuimba. Nimeimba peke yangu jikoni. Mama Subira alikwenda kusali na wenzake, akamchukua Pascaline. Nilikuwa na huzuni, kwa nini nifiche.

Aziza akaingia, amekwisha nawa mikono. Yeye ni Mwislamu, Noeli si sikukuu yake. Akasema, "Bismillahi," akatia mkono ndani ya sahani yangu.

Nikamshika mkono. "Aziza, umesikia nina nini."

"Nimesikia. Na wewe umesema muganga alisema nini?"

"Kwamba nikimeza dawa, ugonjwa haukurukii kwa kula."

"Basi. Na angesema vingine ningekula vilevile. Sombe ya Mama Subira iko kama majani ya mbuzi, mimi niende wapi?"

Tukacheka, halafu nikalia. Haya, sasa nimelia. Lakini si kwa ugonjwa.

3 Januari 1957

Mama Subira amemwambia Musafiri anirudishe kwetu, aoe mwingine kabla kamyo haijanichukua, ili nyumba isikae bila mpishi hata siku moja. Alisema kwa sauti ya kawaida, akichambua mboga. Musafiri alinyamaza. Kimya chake kimeniuma, na huko ndani bado nasikia vizuri sana.

10 Januari

Wameanza kukata mpunga. Natazama nikiwa kichanjani. Kidonda kimepungua, sasa ni kama punje ya hindi.

14 Januari

Nina hasira, na mwenye kukasirikiwa ni mimi.

Leo mpunga wote wa upande wa mto ulikuwa umekatwa, umelazwa juani ukauke. Mchana upepo ukageuka. Nilikuwa nimekaa mbele ya nyumba, mguu juu ya kigoda, kama nilivyoagizwa. Wingu likatoka bondeni, jeusi kweli. Watu wakaanza kukimbia na vikapu. Mama Subira akapita mbio mbele yangu, mwanamke wa umri ule, kikapu kichwani na kingine kiunoni, akapiga kelele kijiji kizima kisikie, "Tazameni malkia! Atakaa mpaka mupunga uote mizizi! Watoto wangu watakula nini, mvivu?"

Mvivu. Mimi niliyekuwa natangulia wanaume shambani! Niliinuka. Sikufikiri. Nilikimbia peku mpaka shambani, nikajaza kikapu, nikakimbia, nikarudi, nikajaza tena. Na niseme kweli, ilikuwa raha. Matone makubwa yalikuwa yanaanza, Musafiri akanipita akanichekea kama zamani, Aziza akaimba, na mimi nilikuwa mtu mzima katikati ya watu. Mguu haukuniambia kitu. Ungeniambia nini? Tuliuokoa mpunga karibu wote.

Jioni niliketi kuosha tope. Maji yakawa mekundu. Kisiki cha mpunga, kile kibua kinachobaki ardhini kimechongoka, kilikuwa kimeingia ndani ya kidonda changu na kuvunjikia humo. Nilikuwa nimekikimbilia mchana wote. Nilikitoa kwa vidole, kirefu, na sikusikia chochote. Pascaline aliyekuwa anashika taa aligeuza uso.

Mwenye macho haambiwi tazama. Mimi niliambiwa, tena na muganga, na bado sikutazama. Nilitupa macho yangu kwa neno moja la mama mkwe.

15 Januari

Musafiri alinipeleka dispanseri kwa baiskeli. Zéphirin aliosha kidonda, kisha akanikaripia mpaka wagonjwa wengine wakanihurumia. Nikamwambia mpunga ungeoza. Akasema, "Mupunga utaota tena mwaka kesho. Muguu hauoti."

Bwana dokta anakuja katikati ya Februari. Nikauliza kama kidonda kinaweza kufunga mpaka wakati huo. "Kikipumzika, labda. Ukikikanyaga tena, tutaagana."

Njiani Musafiri alisukuma baiskeli, mimi nimekaa nyuma. Mpaka nyumbani nilikuwa natunga maneno ya kesho.

16 Januari

Asubuhi nilitoa kigoda changu, nikakiweka katikati ya uwanja, mahali ambapo mtu wa kwenda kisimani lazima apite. Nikaketi, nikainua mguu juu ya kigogo, kitambaa cheupe wazi. Mama Subira alipotoka na jembe lake nikamwita kwa heshima, kama inavyotakiwa, na majirani walikuwa wanasikiliza.

"Mama, nakuomba masikio. Toka leo mimi nimekaa hapa. Mvua inyeshe, nimekaa. Mpunga uende na maji, nimekaa. Uniite mvivu, Kapita aniite mvivu, na baba yake Kapita afufuke aniite mvivu, nimekaa. Leteni mpunga hapa nipepete, leteni pamba nichambue, leteni watoto niwalishe. Mikono yangu na macho yangu iko kwa kazi. Muguu huu hauko kwa kazi. Muguu huu iko kwa Pascaline."

Mama Subira akasema, "Umesikia, Musafiri? Bibi yako ananifokea mbele ya watu."

Musafiri alikuwa amesimama mlangoni. Akaingia ndani. Nikasema moyoni, haya, amekimbia tena. Kumbe alikwenda kutoa kipande cha mpira wa kamyo alichokuja nacho zamani kutoka migodi ya Salamabila. Akapiga goti mbele yangu pale uwanjani, mchana kweupe, akaushika mguu wangu mikononi, akaupima kwa kamba. Watu wa kisimani walisimama na ndoo zao kichwani. Alikata nyayo mbili, akaweka ndani kipande cha blanketi la zamani, akafunga kwa kamba za mpira. Hakutia msumari hata mmoja. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Msumari unaweza kutokeza, na wewe hautasikia."

Ndiyo maneno yote aliyosema. Kumbe alikuwa anasikiliza mafundisho ya Zéphirin kuliko mimi. Nimemdhulumu mtu huyu katika kurasa hizi, lakini sifuti. Siku zile alistahili.

20 Januari

Nimekaa.

22 Januari

Nimekaa. Mvua.

24 Januari

Nimekaa. Nimepepeta mpunga wetu na wa Aziza pia. Mama Subira amepita mbele yangu mara nyingi kuliko njia inavyohitaji. Leo alitua kikapu, akatazama mguu wangu ndani ya beseni. "Na hilo jiwe la nini?" Nikamweleza. Akasema, "Upuuzi." Lakini alisimama mpaka mwisho.

2 Februari

Kidonda kimefunga! Nilimwita Pascaline atazame, maana macho yangu yanaweza kunipendelea. Akasema kimebaki kialama cha rangi ya waridi tu. Nimevaa viatu vyangu vya mpira na kuzunguka nyumba polepole. Kesho nakaa tena. Zéphirin alisema ngozi mpya ni kama mgeni, usimpe kazi siku ya kwanza.

9 Februari, Jumamosi

Karamu ya kumaliza mpunga. Wali, kuku, sufuria kubwa kuliko zote za kijiji. Wakati wa kushusha wakaanza kuimba, "Mama Chuma! Mama Chuma!"

Nilikwenda. Nikawaomba majani ya ndizi. Wakadhani nafanya mchezo. Nikayakunja mara nyingi, nikashika sufuria kwa majani, nikamwita Aziza ashike upande wa pili. Nikasema, "Chuma kimekwisha. Hii ni mikono ya mutu." Wengine walicheka, wengine waliguna.

Sufuria ya pili ilikuwa bado motoni. Mama Subira akasogea. "Nipisheni. Sasa wanawake wa zamani waonyeshe." Akaikamata kwa mikono mitupu, akaishusha, akaiweka chini taratibu. Vigelegele! Akanigeukia. "Bwana dokta akija nitamwambia mimi mwenyewe, muguu wako unafunga leo, unafunguka kesho. Kamyo haitarudi bure."

Nilikuwa natazama uso wake. Sufuria ile ilikuwa inatoa mvuke, na uso wake haukukunjamana hata kidogo.

10 Februari

Asubuhi nilimkuta jikoni anamenya mihogo. Kiganja chake cha kulia kilikuwa na malengelenge mawili, moja limepasuka, na maji ya muhogo yanaingia humo. Alikuwa anaimba.

Niseme ukweli, furaha ilinijia kwanza. Kamyo haitarudi bure. Maneno yake mwenyewe, niliyaonja mdomoni kama asali. Ningetoka tu uwanjani nikasema neno moja kwa sauti.

Nilikwenda nikafunga mlango. Nikaokota unyoya wa kuku. "Mama, fumba macho. Kila nikikugusa, onyesha na kidole."

"Mchezo gani huo?"

"Mchezo wa dispanseri. Wewe uliniambia ni upuuzi. Fumba basi."

Akafumba, akanyoosha mikono, akijitapa. Niligusa kiganja. Niligusa vidole. Niliteremka kwenye mguu, nikagusa unyayo, nikabonyeza unyoya mpaka ukapinda.

Mama Subira akasema, "Anza basi. Unangoja nini?"

Furaha yote ilinitoka. Nilibaki na unyoya mkononi. Alipofumbua macho akaona mahali unyoya ulipokuwa. Ni mwanamke mwenye akili, hakuhitaji kuelezwa. Akavuta mguu wake chini ya kitenge.

Akasema, "Utamwambia nani?"

"Zéphirin. Na wewe utakuwa umesimama karibu yangu."

"Watanipandisha kamyo. Nitakufia mbali, nizikwe na watu nisiowajua."

"Huna kidonda, Mama. Una malengelenge tu, na hayo tutayafunga. Mficha ugonjwa, kifo kitamuumbua. Sisi hatufichi, na hatuendi popote."

Alinitazama sana. "Baada ya yote niliyokufanyia."

"Sijasahau hata moja," nikamwambia. "Leta mukono."

14 Februari

Bwana dokta alikaa chini ya paa la barza ya dispanseri, Zéphirin akitafsiri. Tulipanga mstari. Mama Subira alikuwa nyuma yangu, ameshika pindo la kitenge changu kama Pascaline anavyofanya sokoni. Zéphirin alikwisha kumpima tangu juzi.

Dokta aligeuza mguu wangu, akabonyeza kovu, akauliza ni nani aliyeutunza hivi. Nikasema, "Mimi." Akauliza tena, nadhani alitaka jina la sista au la muganga. Nikasema, "Mimi, na mume wangu alikata viatu." Akasema nibaki.

Mama Subira alionyesha kiganja chake kilichofungwa kitambaa safi. Akasema kabla hajaulizwa, "Nafanya kama huyu." Naye alipewa vidonge vyake, naye anabaki.

Lakini mzee Emile, anayekaa peke yake ng'ambo ya mto, alipandishwa kamyo na miguu yake miwili iliyooza. Alipitishwa mbele yetu. Nikashindwa kuzuia mdomo. "Mwulize Bwana dokta, kabla ya kumletea mzee huyu kamyo, ni nani aliyemletea beseni? Nani alimwambia atazame miguu yake?" Zéphirin alinitazama, na hakutafsiri. Nikarudia kwa sauti zaidi. Dokta akainua kichwa, akauliza huyu mama anasema nini. Mwishowe Zéphirin akamwambia. Dokta akaita mwingine kwenye mstari. Kamyo iliondoka.

Kesho naanza kuzunguka na beseni langu, nyumba kwa nyumba, ng'ambo ya mto kwanza. Hakuna aliyenituma.

17 Februari, Jumapili

Sahani moja. Mama Subira mwenyewe alikitupa kile kibakuli chenye ufa nyuma ya nyumba.

Kabla ya kula alikuwa anapika bugali, mimi nasafisha samaki. Moto ukalegea. Bila kufikiri, mkono mmoja kwenye mwiko, mwingine kwenye sufuria, akanyoosha mguu kuusukuma ukuni. Fimbo yangu ilikuwa karibu. Nilimchapa juu ya mguu, chwa! Mimi, mukamwana, nimempiga mama mkwe wangu kwa fimbo, jikoni kwake, siku ya Bwana. Pascaline alifunika mdomo.

Mama Subira alitazama fimbo, akatazama mguu wake, akanitazama mimi.

"Umenipiga?"

"Nimekupiga."

"Sikusikia."

"Ndiyo sababu, Mama."

Halafu akanipokonya fimbo, akausukuma ukuni motoni kwa ncha yake, na kuendelea kusonga bugali.